Mduara wa Kisu

Mkwe wangu anasalimia kupita kiasi, na mtu anayesalimia kupita kiasi mimi namtilia mashaka. Asubuhi getini, "Shikamoo, Mama." Tukikutana stoo, "Shikamoo, Mama." Nikitoka msalani namkuta koridoni na nyingine mdomoni. Siku moja nikamwambia, "Baba, marahaba niliyokupa asubuhi haijaisha, itumie mpaka jioni." Akacheka kwa adabu, akatundika mfuko wake begani, akaenda zake.

Mfuko huo ndio ulionitoa raha. Ni mfuko wa kitambaa cha kijivu, wa kubebea chakula cha mchana. Asubuhi unaingia na bakuli. Jioni unatoka na bakuli na kitu kingine, maana unaning'inia vibaya, na ukigonga pembe ya meza unalia. Bakuli tupu la plastiki halina mlio ule. Ule ni mlio wa shaba, na baada ya miaka thelathini na moja ya karakana mimi naijua sauti ya shaba kuliko ninavyozijua sauti za ndugu zangu.

Karakana yetu inatengeneza makabati ya umeme, yale masanduku ya bati yenye vitufe na taa ndogo mlangoni, ya kuwashia pampu, vinu na feni kubwa za viwandani. Mpiga rangi anapaka masanduku, mkwe wangu anapanga swichi ndani na kufunga waya, mimi nakagua. Waya niliyoikataa naifunga utepe mwekundu, naweka saini yangu juu ya utepe kwa kalamu ya wino mzito, na aliyeikosea lazima aje aufungue mwenyewe mbele ya watu wote. Ndiyo sheria ya karakana. Niliitunga mimi. Kwa ajili hiyo wananiita Mama Utepe, na wanadhani sijui.

Ugomvi wangu na mkwe, ingawa hatukuwahi kugombana kwa mdomo, ulikuwa juu ya kuchuna waya. Huwezi kufunga waya mpaka uichune kwanza, yaani uondoe ganda la plastiki pale mwishoni ili shaba itokeze. Watu wa nje wanaiona kazi ndogo. Mimi nasema hapo ndipo fundi anapojulikana. Ukikata juu juu, ganda haliachii. Ukizidisha kidogo tu, umeijeruhi shaba, na shaba iliyojeruhiwa ina kinyongo. Itakaa kimya wiki moja, itakaa kimya wiki mbili, inatikisika kila pampu inapowaka, inapata moto kidogo kidogo, halafu inakatika siku unayoihitaji.

Mimi nachuna kwa kisu. Kisu hicho nilipewa na msimamizi wangu wa kwanza, mzee aliyekuwa hataki mwanamke karakanani. Alinitupia kisu butu na rundo la waya, akasema nichune ncha mia moja kabla ya jioni. Alidhani nitalia. Nilikinoa kisu kwenye sakafu ya saruji, nikachuna ncha mia moja na tatu. Akazikunja moja moja, na hakuna hata moja iliyovunjika. Akaniambia, "Kisu chukua." Sijapata sifa nyingine tamu kama ile tangu hapo, hata siku ya harusi yangu.

Mkwe wangu hana kisu. Kwa waya nyembamba ana koleo la kuchunia, ambalo ukilibana linapima lenyewe, linauma lenyewe na kuvuta ganda lenyewe. Kwa waya nene ana kidude cha kuzungusha. Kinaikumbatia waya, ndani kina kijembe kidogo, unakizungusha mara moja, unavuta, ganda linatoka kama soksi. Chini yake kuna skrubu ya kuamua kijembe kiingie kina gani. Na pale kwenye kona ya karakana kuna mashine ya kuchunia, ya mota, inayopiga kelele kama mtoto aliyenyimwa kitu. Sikuwa na neno na maendeleo. Neno langu ni kwamba chombo kinachokata bila mkono kuhisi, mimi sikiamini.

Kwa hiyo saa ya chakula, wenzangu wakienda kula, nilikuwa nabaki. Nafungua kabati alilomaliza mkwe wangu, natafuta waya nene ambazo sikuzipenda, nazitoa, nakata ncha zake, nazichuna upya kwa mkono wangu na kuzirudisha. Sikuwa nafanya kwa siri. Haya, ilikuwa siri kidogo. Kisu kwa kawaida hulazwa, unachonga ganda kama unachonga penseli, hukizungushi. Lakini ndani ya kabati hakuna nafasi ya kulaza kisu, hivyo nilikizungusha taratibu huku nikisikiliza kwa vidole. Vidole vyangu vinajua plastiki inapoishia na shaba inapoanza. Ndivyo nilivyokuwa najiambia.

Mkwe wangu na binti yangu wanaishi kwangu, vyumba viwili vya nyuma, na wakati huo mtoto wao alikuwa na wiki tatu. Jumapili moja nilikuwa jikoni, nikaiepua sufuria ya uji nikaiweka mezani. Binti yangu akapiga kelele.

"Mama! Sufuria ya moto hiyo, kitambaa kiko wapi?"

"Mikono ya fundi haiungui," nikamwambia, na kwa kweli sikuwa nimesikia moto wowote.

Binti akamtazama mumewe. Mumewe akavitazama vidole vyangu, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akainamisha macho. Nikajiuliza, huyu anavipima vidole vyangu kwa sababu gani? Nikaliweka hilo pamoja na mfuko.

Kesho yake asubuhi Injinia, mwenye karakana, alikuja mezani kwangu bila salamu. Akatoa kitu kwenye mfuko wa nailoni. Kilikuwa kipande cha waya nene nyeusi, ncha imeungua.

"Hiyo imetoka kwenye kabati la pampu ya shule ya bweni," akasema. "Kabati letu. Waya imekatikia kwenye kifungio, ikapiga cheche. Mtunza pampu ameungua mkono. Wanafunzi mia sita wanachota maji kwa ndoo."

"Mkono wake vipi?"

"Una bandeji mpaka kwenye kiwiko. Atapona, amebahatika." Injinia alivuta kiti lakini hakukikalia. "Wewe ndiye mkaguzi. Nataka kujua mkono wa nani ulichuna waya hii. Ijumaa saa nne nataka jina, na mwenye jina hilo hatarudi Jumatatu. Na usinifiche kwa sababu ya ukwe."

"Hapa mimi sina mkwe," nikasema. "Nina mafundi."

Alipoondoka niliigeuza ile waya. Ndani yake shaba ilikuwa na nyuzi saba nene zilizosokotwa. Nyuzi nne zilikuwa zimekatwa mahali pamoja, na zile tatu zilizobaki ndizo zilizobeba pampu nzima mpaka zikachoka. Na juu ya zile nyuzi kulikuwa na mduara, mstari uliozunguka shaba kama pete. Mduara! Kidude cha kuzungusha! Lenzi yangu ilikuwa kwenye droo, hatua moja kutoka mkononi, na sikuigusa. Jina nilikuwa nalo kabla Injinia hajafika mlangoni.

Sitadanganya, kuna sehemu yangu ilifurahi. Miaka yote nasema kidude hakina hisia, na sasa ushahidi huu hapa. Lakini sehemu nyingine ilimwona binti yangu na mtoto wa wiki tatu begani. Fundi akifukuzwa kwa kosa kama lile, hakuna karakana mjini itakayompokea. Baba wa mjukuu wangu angekuwa anazunguka kutafuta vibarua vya kuchimba mitaro, na mimi ndiye ningekuwa nimemtaja. Nikaamua kwamba sitalitaja jina mpaka nimkamate kwa macho yangu, na hapo nikaukumbuka mfuko. Mtu anayeharibu waya na kuiba shaba ni rahisi kumtaja kuliko mtu aliyekosea tu. Nilitaka awe mwizi. Ingenipunguzia uzito.

Jumatano, king'ora cha saa kumi na moja kilipolia, niliaga kwa sauti ili kila mtu asikie, nikatokea mlango wa mbele na kurudi kwa mlango wa stoo. Nikachutama nyuma ya magurudumu makubwa ya kebo. Magoti yalinitukana, lakini nilikaa. Mpiga rangi, ambaye hana dogo, akapita na ndoo yake akanikuta.

"Mama Utepe, umepoteza nini huko chini?"

"Heshima yako," nikamnong'oneza. "Pita."

Akapita, anacheka peke yake.

Mkwe wangu alibaki mwenyewe. Akatazama kulia na kushoto, na moyo wangu ukasema, haya sasa. Akaenda kwenye kabati nililolikagua mchana huo huo na kulibandika karatasi ya kijani ya kupita, yenye saini yangu. Akalifungua. Hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye waya moja nene, akailegeza kwa bisibisi, akaitoa nzima, akakata ncha yake kwa koleo na kuitia kwenye ule mfuko wake wa kijivu. Iliyobaki akaitupa kwenye sanduku la mabaki. Kisha akatoa kwenye mfuko huo huo waya mpya iliyokwisha kuchunwa pande zote mbili, akaifunga mahali pake, akaivuta mara mbili kuona kama imekaza. Akafanya hivyo kwa waya ya pili. Akafanya kwa ya tatu. Akafunga mlango wa kabati, akaufuta kwa kiganja alama za vidole vyake, akaondoka.

Mimi nikabaki chini, miguu imekufa ganzi, akili haifanyi kazi. Mwizi wa shaba anayechukua ncha ndogo kama kidole na kuacha waya nzima kwenye mabaki, tena anayeweka mpya badala yake, huyo ni mwizi wa aina gani? Halafu hasira ikanipa jibu, maana hasira haikosi jibu. Zile tatu zilikuwa waya zangu! Ndizo nilizozichuna mchana kwa kisu changu! Alikuwa anatoa kazi yangu na kuweka ya kwake iliyooza, ili makabati yaungue chini ya saini yangu. Anakitaka kiti cha ukaguzi. Na salamu zake zote zile!

Nilifika nyumbani nimevimba. Jua lilikuwa bado halijazama, binti yangu anakunja nepi mezani, mtoto amelala begani kwake, mkwe wangu anavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

Sikuitika. Niliuchukua mfuko juu ya kiti nikaumwaga juu ya nepi. Likatoka bakuli, kijiko, na vile vipande vitatu vya waya.

"Mwanangu," nikamwambia binti, "mwangalie mumeo. Mwangalie vizuri. Nimemwona kwa macho yangu anatoa waya kwenye kabati nililolipitisha. Shule nzima haina maji kwa ajili ya kidude chake, mtu ameungua mkono, na sasa anataka kunitupia mimi."

Nilingoja alie. Hakulia, wala hakushtuka. Alimtazama mumewe, mumewe akatikisa kichwa kumkataza, yeye hakukatazika. Akaingia chumbani akarudi na kopo la biskuti.

"Basi na hili limwage, Mama," akasema. "Ukianza jambo limalize."

Nikalimwaga. Vilikuwa vipande vya waya, vingi, kila fungu limefungwa uzi mweupe na kikaratasi chenye tarehe. Mwandiko wa mkwe wangu, ule wa kulala upande.

"Lenzi yako, Mama," akasema mkwe wangu. Bado alikuwa amesimama na kiatu kimoja mguuni. "Naomba utazame kwa lenzi."

Lenzi ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu la kazi. Nikachukua kipande cha kwanza. Mduara, kama nilivyojua. Nikataka kusema, umeona? Lakini nilikwisha kuiweka lenzi jichoni. Mduara ule ulianzia mahali, ukaizunguka shaba, ukarudi, na haukukutana na mwanzo wake. Uliupita kwa kando, upana wa unywele. Tena upande mmoja ulikuwa umezama, upande mwingine umepapasa tu.

Kwa mtu asiye fundi hilo si kitu. Kidude cha mkwe wangu kina kijembe kilichofungwa kwa skrubu, kikizunguka kinarudi pale pale kilipoanzia, na kina chake ni kimoja pande zote. Hakiwezi kukosa mwanzo wake hata kikitaka. Mduara usiokutana unachorwa na kitu kimoja tu, nacho ni kisu kinachoshikwa kwa mkono.

Nikachukua kipande cha pili. Nikachukua cha tano, cha kumi. Nikaacha kuhesabu. Kisha nikatoa mfukoni ile waya ya shule, ambayo tangu Jumatatu nilikuwa natembea nayo kama ushahidi wa kumfunga mtu, nikaiweka chini ya lenzi.

Mduara wake haukukutana.

"Vidole vyako, Mama," binti akasema polepole. "Funga macho kidogo."

"Nifunge macho kwa nini?"

"Mama. Funga."

Nikafunga. Nikamsikia akimpa mumewe mtoto, nikamsikia akitafuta kitu kwenye nepi. Akanishika mkono wa kulia. Nikangoja.

"Nikikugusa useme," akasema.

"Gusa basi, unangoja nini?"

Nikafungua macho. Pini ya nepi ilikuwa imesimama kwenye ncha ya kidole changu cha shahada, imeingia, na tone la damu limeanza kujaa pembeni yake. Binti yangu alikuwa analia bila sauti.

Nikakaa. Kwa muda nilitazama lile tone kana kwamba ni la mtu mwingine. Nilikumbuka sufuria, na kikombe cha chai kabla ya sufuria, na sindano niliyoiangusha mara ngapi sijui nikiilaumu sindano.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu ile mimba ilipoanza kuonekana," mkwe wangu akajibu. "Niliona waya moja ganda lake lina meno, nikajua si kazi ya kidude. Nikaitoa, nikaona nyuzi mbili zimekatwa. Nikabadilisha. Kesho yake nikaona nyingine. Nikawa nasubiri watu waondoke."

"Na hukuniambia."

"Ningeanzaje, Mama?" Akavua kile kiatu cha pili. "Nikusimamishe mimi, mume wa mwanao, nikwambie mikono yako imechoka? Mimi nakusalimia mara sita kwa siku natafuta pa kuanzia. Nikishasema shikamoo, mengine hayatoki."

Hilo liliniuma kuliko pini. Nilikuwa nimezihesabu zile salamu zote kama makosa.

"Na la shule?" nikasema. "Hilo mbona lilikupita?"

Wakatazamana tena. Binti ndiye aliyejibu. "Ulilipitisha siku aliyozaliwa mtoto. Alikuwa hospitali na mimi."

Nikaikumbuka siku ile vizuri sana. Kabati alilimaliza jana yake, gari la shule lilikuwa linakuja alfajiri ya kesho yake. Saa ya chakula nililifungua, nikajisemea, baba mtarajiwa akili yake haipo, waya zake haziaminiki. Nikazichuna upya zote. Nikabandika karatasi ya kijani, nikatia saini, nikaenda hospitali kumwona mjukuu nikiwa najisikia mtu wa maana sana.

"Ijumaa nitasema ni mimi," mkwe wangu akasema. "Nimeshaamua. Mimi bado kijana, Mama, nitapata pengine."

Na hapa nitasema ukweli, maana niliyoyasema mpaka sasa yamekwisha kuniaibisha na hili haliwezi kuongeza kitu. Nilitamani kukubali. Mwili mzima ulitamani. Miaka thelathini na moja, ncha mia moja na tatu. Sikusema ndiyo, lakini sikusema hapana, nikainuka nikaenda chumbani kwangu na kufunga mlango, na nyuma yangu nikasikia mtoto ameamka.

Ijumaa saa nne tulikuwa ofisini kwa Injinia, sisi watatu. Mkwe wangu alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi, kama mtu anayekwenda kuomba kazi na si kuiacha.

"Injinia," akaanza, "ile waya ni—"

"Nyamaza, baba. Wakubwa wanaongea."

Niliweka mezani ile waya ya shule na lenzi. Kisha nikatoa kisu changu. Nilikuwa nimekifunga utepe mwekundu kwenye mpini na kutia saini juu yake.

"Ulitaka jina," nikasema. "Lisome hapo kwenye utepe. Mduara haukutani. Ni kisu, na mwenye kisu karakana nzima ni mmoja. Vidole vyangu vimekufa ganzi, mimi nilikuwa sijui, au nilikuwa sitaki kujua, sasa sijali tofauti. Huyu alikuwa anarekebisha nyuma yangu."

Injinia aliitazama waya kwa lenzi. Alipoinua uso hakunitazama mimi.

"Ulirekebisha makabati mangapi?" akamuuliza mkwe wangu.

"Arobaini na moja."

"Ungeniambia kwenye la kwanza, mtunza pampu asingeungua kwenye la arobaini na mbili. Heshima yako kwa mama mkwe ameilipa yeye kwa ngozi yake."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kila aina, si hayo.

"Nilisema mwenye jina hatarudi Jumatatu," Injinia akaendelea, sasa ananigeukia. "Mkaguzi hatarudi. Ukaguzi atafanya huyu, na kila akitaka kunyamaza aikumbuke ile bandeji. Mashine ya kwenye kona haina mtu. Haihitaji vidole, inahitaji mguu wa kukanyagia na macho ya kuangalia. Ukiitaka, iko. Usipoitaka, nitakuelewa."

Ile mashine ya kelele! Niliichukia tangu ilipoteremshwa garini. Nikasema nitakuja.

Jumamosi nilikwenda shuleni. Ndoo zilikuwa zimepangwa uani mpaka kwenye ngazi za madarasa. Mtunza pampu nilimkuta nyuma ya tangi, ameketi juu ya tofali, mkono umefungwa na kuning'inizwa shingoni. Nikamwambia mimi ni nani na nilichokifanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Mimi nilidhani nilikosea kuiwasha," akasema. "Nimemwambia mke wangu nilikosea."

Sikuwa na la kumfanyia zaidi ya kumwandikia kwenye karatasi kwamba hakukosea. Nikaandika, nikatia saini ile ile.

Jumatatu nikakaa kwenye mashine. Mpiga rangi alipita akafungua mdomo, akaniona uso, akaufunga. Kazi yenyewe si ngumu. Unaingiza waya kwenye tundu, unakanyaga, mashine inalia, waya inatoka imechunwa. Kina cha vijembe unakiweka kwa kuzungusha gurudumu dogo lenye namba, na mimi namba zenyewe nilizisoma haraka haraka, maana niliona haya kuvaa miwani mbele ya watu. Nikachuna fungu la kwanza.

Saa nne mkwe wangu akaja na lenzi. Yangu, nilimpa mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kagua."

Akachukua waya moja moja, anaikunja, anaiweka pembeni. Ya sita ilipokunjwa, uzi mmoja wa shaba ukainuka peke yake, umekatika. Ya saba hivyo hivyo. Nilikuwa nimeweka kina kibaya. Karakana yote ilikuwa inajifanya inafanya kazi. Nikamwona anazishika zile mbili kiganjani, anazikunja ziwe ndogo, na mkono wake unashuka taratibu kuelekea kwenye ule mfuko wa kijivu ubavuni.

"Baba," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mpiga rangi, "mkono wako unakwenda wapi?"

Ukasimama. Akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Kisha akautoa mkono, akachukua utepe mwekundu mfukoni mwa shati, akaufunga kwenye zile waya mbili, mara moja, legelege, kama mtu anayemfunga mgonjwa.

"Kaza," nikamwambia. "Na saini iwe kubwa, niisome bila miwani."

Akakaza. Akatia saini. Nikavaa miwani yangu, nikaweka kina sawa, kisha nikainuka nikaenda katikati ya karakana kuufungua ule utepe mbele ya watu wote.